Radhi Imetoka?

Deventer, Uholanzi
12 Februari 2023

Shangazi Loisi,

Shikamoo. Huku theluji imeanza kuyeyuka na kuacha tope, na mimi na watoto hatujambo. Mdogo ameng'oka meno mawili ya mbele na sasa hataki kupigwa picha. Mwambie Gladness viatu vyake nimeviona ila namba yake ilikuwa imekwisha, avute subira. Mvua je, mwaka huu zimewakumbuka?

Nimeandika kwa kalamu kwa sababu simu yako husikilizwa na wapangaji wote wa nyumba hiyo, na ninalotaka kusema ni la Abeli.

Daktari wake amenitafuta. Anasema mdogo wangu ametulia mwaka wa saba sasa, dawa zimemkubali, analima bustani ya hospitali na anawasomea wenzake gazeti. Kinachomzuia kutoka si ugonjwa tena. Anahitajika ndugu wa kukubali kwa saini kwamba atampokea, na mahali pa kulala panapojulikana, ndipo ripoti ipande juu kwa mkubwa anayetoa amri ya kumwachia. Ndugu wa karibu aliyepo Dodoma ni wewe.

Kazi yangu unaijua. Nauguza watu waliotenda makubwa wakiwa wagonjwa wa akili, kwenye hospitali yenye ukuta. Yupo baba mmoja alimuua kaka yake. Majaji wa huku hawakusema ana hatia yote, wala hawakusema hana kabisa. Walisema sehemu ni yake na sehemu ni ya ugonjwa. Kwa sehemu yake wakampa miaka minne, akaimaliza gerezani. Kwa sehemu ya ugonjwa akaletwa kwetu, na kila baada ya miaka miwili serikali inalazimika kurudi mbele ya majaji kuomba upya iendelee kumshikilia. Yeye naye anasimama na wakili wake, anabisha. Hata akishindwa amesikilizwa. Kenya nako, ananiambia mwenzangu wa Kisumu, majaji wameshasema kumweka mgonjwa ndani bila kikomo si halali. Abeli wetu amesikilizwa lini? Mara ya mwisho alisimama mbele ya jaji mwaka 2012.

Naomba usaini, shangazi. Huyu ni damu yetu.

Mwanao,
Josephine


Chang'ombe, Dodoma
16 Aprili 2023

Mwanangu Josephine,

Marahaba. Barua yako ilifika kanisani ikalala kwa katibu wiki kadhaa, maana alikwenda mazishini Mpwapwa akaondoka na ufunguo wa kabati. Sisi wazima. Mvua zilikuja kwa hasira mara mbili, kisha zikanuna. Gladness anashona sare za shule, mgongo unamuuma kama bibi kizee, na viatu anavisubiri. Wiki iliyopita nilipita Msalato, nikaiona nyumba yako. Imependeza. Mlinzi wako Meshack anamwagilia maua asubuhi na jioni, huku majirani wanafuata maji kwa ndoo.

Habari za mahakama za Wazungu nimezielewa. Nilifundisha darasa la saba mpaka nikastaafu, siwezi kushindwa na aya tatu. Na mimi nikueleze za mahakama yetu, maana wewe hukuwepo.

Nilikaa benchi la mbele na nguo yangu nyeusi. Ni mume wangu aliyeuawa, Josephine, nakukumbusha kwa sababu barua yako haikumtaja. Ni Yotham, aliyemchukua Abeli baba yenu alipofariki, akamlisha, akampeleka shule. Walikuwa shambani wanapura uwele, wao wawili, na mtoto akainua mchi. Alisema baadaye kwamba sauti zilimwambia chini ya kofia ya Yotham hapakuwa na Yotham.

Jaji alisoma kwa Kiingereza kirefu sana. Karani akatafsiri kwa kifupi: "Mahakama imeona kitendo ulikitenda, lakini akili haikuwa yako. Huna hatia. Utakaa hospitali mpaka itoke radhi." Abeli akainamisha kichwa, akasema, "Ndiyo, mzee." Nikabaki najiuliza, mtu hana hatia na bado hatoki, hii ni hesabu ya wapi? Kijana wa Kibaigwa aliyehukumiwa siku ile ile kwa wizi wa mbuzi alipewa miaka mitano. Ametoka, ameoa, ameiba tena, ameingia, ametoka. Nikienda sokoni ananisalimia vizuri tu.

Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, nikitoka ibadani, nampelekea Abeli ugali wa uwele na mlenda. Anakula, ananawa, ananiuliza jambo moja: "Shangazi, radhi imetoka?" Namjibu, "Bado." Ananishukuru, tunaagana. Hayo ndiyo mazungumzo yetu tangu mwaka ule. Kama kuna mengine daktari anayapata kwake, basi daktari ana bahati.

Kuhusu kusaini, kalamu ninayo. Atalala wapi? Kijijini nilikwenda mwenyewe. Walinipa kiti, wakanipa maji, wakasema hawana ugomvi naye ila asirudi. Hapa tuna vyumba viwili, na cha pili ni cha Gladness. Nilimwuliza. Alisema, "Mama, akija nitampikia chai. Ila mimi nitakuwa nimehama." Ni mtoto wa Yotham, siwezi kumgombeza.

Huyo baba wa Uholanzi mwenye wakili, ni nani huenda kumtembelea?

Shangazi yako,
Loisi


Deventer
18 Juni 2023

Shangazi mpendwa,

Shikamoo tena. Huku sasa jua halizami mpaka watoto wamelala, wananigombeza kwamba nawalaza mchana. Viatu vya Gladness vipo kwa dada mmoja anayesafiri mwezi ujao. Pole na mgongo wake.

Neno hilo la karani limenikosesha raha. Nimetafuta asili yake. Zamani Waingereza walikuwa wakiandika kwamba mgonjwa wa namna hii akae ndani mpaka mfalme apendezwe. Ndivyo maneno yalivyosema, apendezwe. Wakatuachia maneno hayo, wao wenyewe wakabadili ya kwao. Karani alitafuta Kiswahili chake akaokota radhi. Alipaswa kusema amri tu, watu wangeelewa ni karatasi ya serikali. Radhi ni ya mzazi kwa mtoto, haina mahakama. Ukimwona Abeli mwambie anangoja amri.

Mahali pa kulala tunaweza kupata. Tafuta chumba cha kupanga hapo hapo Chang'ombe, kodi niachie mimi.

Shangazi, sasa nikuulize jambo, na usinichukie. Umemsamehe? Naogopa isije ikawa kalamu inachelewa kwa sababu hiyo. Kazini tunafundishwa kwamba ndugu wa marehemu wana haki ya kukasirika, lakini kukaa ndani kwa mgonjwa hakupaswi kutegemea hasira yao. Nasema kama muuguzi, sisemi kama mtoto wako.

Wako,
Josephine


Chang'ombe
3 Septemba 2023

Josephine,

Nimepokea barua na viatu. Viatu vinambana, lakini Gladness anavaa hivyo hivyo kwa sababu vimetoka Ulaya. Mimi nilikuwa na homa Julai yote, ndiyo maana ya kimya. Sasa upepo umeanza, vumbi linaingia mpaka kwenye chumvi.

Umeniuliza kama nimemsamehe. Mwaka huu ndege kwelea kwelea waliushukia uwele kabla haujakomaa, tukashinda shambani tunapiga madebe, na bado walikula zaidi yetu. Hivyo ugali ninaompelekea Abeli sasa ni wa mahindi ya Kibaigwa. Anakula bila kulalamika.

Chumba nimetafuta. Wenye nyumba wa Chang'ombe ni watu wa maswali. Wa kwanza aliuliza mpangaji anatoka wapi, nikamwambia ukweli, akakumbuka ghafla kwamba chumba amemwahidi shemeji yake. Wa pili naye akapata shemeji. Kwa wa tatu nilisema ni mpwa wangu anayetoka hospitali. Akauliza hospitali ipi. Josephine, huu ni mji wa Dodoma, hospitali hiyo inajulikana kuliko kituo cha basi. Tangu tukiwa wadogo tunataniana kwa jina lake. Nilipoitaja, mwenye nyumba akacheka, akadhani namtania.

Basi nikukumbushe kitu ambacho labda baridi imekusahaulisha. Msalato ipo nyumba ya vyumba vinne, ina bati jekundu, ina geti, ina maua. Ndani yake hakuna anayelala. Meshack analala kwenye kibanda cha mlinzi ili nyumba isikaliwe na mtu. Majirani wa huko ni wageni waliofuata uwanja wa ndege, hawamjui Abeli wala Yotham. Umeniandikia mara mbili habari za haki ya mgonjwa, na nyumba hiyo hukuitaja hata kwa bahati mbaya. Ulipokuja Desemba ya juzi ulikaa humo wiki mbili. Geti la hospitali ulilipita ukienda mjini na ukalipita ukirudi. Hukushuka.

Nimesaini. Nilisaini Agosti, mbele ya Erica, yule afisa ustawi wa jamii wa hospitali. Pale panaposema mahali pa kulala nimeacha wazi. Pajaze wewe.

Mimi,
Loisi


Deventer
26 Novemba 2023

Shangazi,

Shikamoo. Pole sana kwa homa. Sisi hatujambo, ila kazini tumepungua na zamu zimekuwa nyingi, nisamehe kwa kuchelewa.

Ahsante kwa kusaini.

Kuhusu nyumba, nilikuwa sijakueleza kwamba vigae vya sebuleni havijaisha na fensi ya nyuma bado. Tena watoto wangu wanategemea kuja likizo, na mdogo ni mwoga sana. Naomba tusichanganye suala la nyumba na suala la Abeli. Daktari anaweza kupata kituo cha kumpokea, huku vipo vingi, nadhani na huko havikosekani. Ukimwuliza Erica atakwambia.

Nawatakia Krismasi njema. Nimetuma kitenge kwa posta.

Josephine


Chang'ombe
21 Januari 2024

Mwanangu,

Kitenge kimefika, ni kizuri, nitakivaa Pasaka. Gladness amepata mchumba, fundi wa bomba, mpole, anaitikia shikamoo za watoto kama mzee wa kanisa. Nimemwuliza Erica habari za vituo. Alinitazama kwa huruma, nikamwomba radhi kwa niaba yako. Vituo vya huko kwenu mviweke huko huko.

Sasa soma pole pole, maana nami naandika pole pole.

Mwanzo wa Desemba, Erica alimketisha Abeli wajaze taarifa zake. Akamwuliza, "Abeli, unaelewa unachongoja ili utoke?" Akamjibu, "Nangoja radhi ya shangazi." Erica akadhani amekosea, akamwuliza tena. Akasema, "Jaji alisema nikae mpaka radhi itoke. Nilimuua mume wa shangazi, aliyekuwa baba yangu. Radhi itatoka kwa nani mwingine? Namwuliza kila akija. Bado hajaweza. Simlaumu."

Erica aliniita ofisini akaniambia. Nilimwomba maji.

Unaona, Josephine? Mimi nilikuwa namjibu habari za karatasi. Mimi, mwalimu wa Kiswahili. Uliniandikia mwenyewe kwamba radhi ni ya mzazi kwa mtoto, ukaniagiza nimweleze Abeli, na mimi nikaona ni mambo ya vitabu. Nilikuwa nimekukasirikia. Tangu 2012 yule mtoto ananiuliza kama nimemsamehe, nami ninamwekea mboga mezani na kumwambia, bado. Anasema ahsante. Alikuwa ananishukuru kwa mlenda.

Uliniuliza nawe, nikakuandikia habari za ndege. Sikukujibu kwa sababu nilikuwa sijui. Kuna siku namwona Abeli anavyoshika tonge kwa vidole vitatu, kama Yotham alivyomfundisha, na ninatamani kumkumbatia. Kuna siku naona mikono ile ile, chakula kinanishinda. Nani angejua jibu hapo? Lakini nilipokuwa pale kwa Erica na kikombe cha maji nilijua. Nilikuwa nimeshamsamehe siku nyingi, kwa miguu yangu, bila kumwambia mtu. Mtu hafungi ugali kwenye kitambaa na kuupeleka kwa adui mwezi hadi mwezi.

Jumapili ya kwanza ya Januari nikaenda. Nilimpikia uwele, nilinunua wa watu. Alikula, akanawa. Akauliza, "Shangazi, radhi imetoka?" Nikamwambia, "Imetoka, mwanangu. Ilishatoka zamani, mimi ndiye niliyechelewa kukwambia."

Hakulia. Alisimama, akaosha sahani yangu, akaifuta, akanirudishia. Akaenda ndani. Nilidhani amekwenda kujificha ili alie, nikamwacha. Akarudi na blanketi limekunjwa, kikombe cha bati, ndara, na Biblia aliyopewa na kwaya. Akawapa wenzake mikono, mmoja mmoja. Mmoja akampa sabuni ya safari. Kisha akachukua kikapu changu akasema, "Twende, shangazi, jua halijawa kali."

Na mimi, Mungu anisamehe, nilitembea naye. Nilijua geti halitamfungukia, lakini sikumwambia. Alikuwa anatembea upande wa jua ili mimi nipate kivuli chake. Akaniuliza kama mbuzi yule mwenye pembe moja bado yupo. Nikasema tulimuuza. Tukafika getini.

Askari akamwekea mkono kifuani, wala hakumsukuma. "Abeli, wewe unakwenda wapi?"

"Nyumbani. Shangazi ametoa radhi."

Askari akacheka. Si kwa ubaya, wanamjua, ndiye anayewasomea gazeti. "Shangazi hana radhi ya kufungua geti hili, bwana. Rudi ndani."

Abeli akanigeukia. Nikaanza kumweleza, kuna amri, kuna mkubwa, kuna ripoti, karani alikosea neno. Nilieleza kama nilivyokuwa nikieleza hesabu za sehemu darasani, na maneno yote yalikuwa kweli. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akanirudishia kikapu.

"Basi hukuitoa," akasema. "Ungekuwa umeitoa, ningepita."

Akarudi. Jumapili iliyofuata nilikwenda ingawa haikuwa siku yangu, akakataa kutoka. Na jana pia. Chakula nilimwachia askari.

Mimi sina la kukueleza zaidi. Pale panaposema mahali pa kulala bado pako wazi.

Loisi


Deventer
10 Machi 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo. Barua yako niliisomea kwenye chumba cha kubadilishia nguo kazini, na sikuweza kuingia zamu. Nilimwambia msimamizi kuna msiba nyumbani. Akauliza nani amefariki, nikavaa koti nikaondoka.

Uliniuliza nani humtembelea yule baba. Hakuna. Dada yake aliandika mara moja kusema asitafutwe. Mwezi uliopita majaji walisema sasa anaweza kuanza kukaa nje, chini ya uangalizi. Wakili wake alifurahi, mimi nilifurahi. Yeye aliniuliza, "Nikifika huko, nani atajua kwamba nimefika?" Ninamsindikiza kununua mkate, shangazi. Ninakaa naye meza moja, nakata mkate kwa kisu mbele yake, na siogopi, kwa sababu si ndugu yangu. Abeli namwogopa. Sijui niliseme vipi lisikike vizuri, basi nimeliacha hivyo.

Meshack atakupa funguo. Abeli akae nyumba ya uani, ile ya chumba kimoja, ni kubwa na ina choo chake. Nimeshamwambia Meshack aiandae. Ile kubwa naomba ibaki kama ilivyo.

Jaza pale mahali pa kulala. Andika Msalato.

Mtoto wako,
Josephine


Msalato
4 Agosti 2024

Josephine,

Umeona nilipoandikia. Nimehamia huku tangu Mei, Gladness aliolewa na fundi wake na Chang'ombe nimeirudisha kwa mwenyewe. Harusi ilikuwa ya heshima, watani wa upande wa bwana harusi walitutukana vizuri. Wajukuu zangu wako salama? Yule mwoga meno yameota? Mwambie bibi yake anaishi kwenye nyumba yao na haijamla.

Chumba cha uani nilikiona. Meshack alikuwa amekiandaa kama ulivyomwagiza, nondo mpya dirishani, na mlangoni komeo la chuma. Limepigwa upande wa nje. Nilisimama nikaliangalia sana. Meshack naye aliona aibu, akasema, "Mama, mimi nimetumwa tu." Ninajua wewe kazini kwako unafunga milango kwa nje, na pengine mkono ulizoea. Nilimwita seremala akaling'oa, akalipiga kwa ndani. Nondo ziko palepale, wezi wapo. Kisha nikafikiri, nikahamia mimi chumba hicho, na Abeli nikamtandikia kwenye nyumba kubwa, chumba kinachotazama machweo. Usiniandikie kuhusu vigae.

Amri ilitoka Julai. Ilikuja kwa karatasi ya muhuri, siku ya kazi. Erica alinipigia simu akilia kwa furaha, nikachukua bajaji. Walimwita Abeli ofisini, daktari akamsomea yote kwa Kiswahili, hakuna neno lililorukwa. Anaachiwa, atakuja kliniki kila mwezi, ataishi Msalato kwa shangazi yake. Alikuwa amevaa shati la kitenge alilopewa na kwaya. Alisikiliza kwa adabu.

Akauliza, "Nani ametoa?"

Daktari akamwambia, mkubwa wa serikali.

"Na shangazi?"

Wakamwonyesha saini yangu, pale chini. Akaiangalia karibu karibu. Unaujua mwandiko wangu, nao ndio uliomfundisha kuandika. Akasema, "Hii ni saini."

Nikamwambia kwa mdomo wangu, mbele ya wote, kwamba nimemsamehe. Nililia, Josephine, sikujali. Akaniambia kwa upole, "Shangazi, uliniambia hivyo hivyo Januari." Akamwomba daktari ruhusa arudi bustanini, mchicha ulikuwa haujamwagiliwa.

Hawawezi kumtupa nje kama gunia. Daktari anasema hili si ugonjwa, na kwa hilo hana dawa. Erica anasema tumpe muda. Amri ipo kwenye faili, geti liko wazi kwake, askari yule yule aliyecheka amemwambia, "Abeli, pita bwana," na hapiti. Haki zote ulizoniandikia mwaka jana sasa anazo, mikononi, zimepigwa muhuri.

Sikuombi chochote katika barua hii. Ukija Desemba, shuka pale getini kwanza kabla ya kuja nyumbani.

Leo nimetoka kwake. Siku hizi anakubali kuja kukaa nami kwenye benchi, ila hali chakula mpaka niwe nimeondoka. Tunaangalia ndege zikishuka kwenye uwanja wa mjini. Haniulizi tena lile swali lake. Nimezoea kulingoja, na lisipokuja nahisi kama nimerukwa kwenye orodha. Basi leo nilipoinuka kuondoka nilimwuliza mimi.

"Abeli, radhi imetoka?"

Alinipa kikapu changu.

"Bado, shangazi."

Loisi